Bibi anataka mjukuu abatizwe, mama mtoto anataka tusubiri akue. Nyie mlifanyaje?

Mwalimu wa Chamwino

Mbukwenyi wana Dodoma, na wengine wote salaam.

Nina binti wa miezi mitano, mtoto wetu wa kwanza. Mimi nilibatizwa nikiwa na wiki sita, kwenye kanisa moja la zamani upande wa Mvumi. Mke wangu amekulia kwa walokole. Kwao mtoto mchanga huwekwa wakfu, ubatizo ni wa maji mengi na unangoja siku atakapoamini mwenyewe. Tulipooana tulizungumza mengi, tusali wapi, sadaka tutoe vipi, hata sikukuu twende kwa nani. Hili la watoto hatukuligusa.

Mwezi wa tano mama yangu alikuja kumwona mjukuu. Alikuja na karanga, unga wa uwele, mlenda mkavu, na kigauni cheupe. Kigauni hicho nilibatiziwa mimi, na kaka zangu wawili kabla yangu. Kimepauka, kimekuwa rangi ya chai ya maziwa, lakini alikuwa amekifua na kukipiga pasi ya mkaa. Akakitandaza kitandani bila kusema kitu. Mke wangu akakitazama, akakikunja vizuri, akakirudisha kwenye mfuko. Hakuna aliyemjibu mwenzake vibaya, ila siku nne zilizobaki watu ndani ya nyumba walikuwa wanaongea na mtoto tu.

Siku ya kuondoka, tukiwa tunasubiri basi la Mvumi, mama akaniambia jambo ambalo kwa miaka yangu 37 sikuwahi kulisikia. Kabla yetu sisi alizaa mtoto mwingine wa kiume, mwaka 1974. Ulikuwa wakati wa njaa, na watu walikuwa bado wanahamishiwa kwenye vijiji vipya. Kasisi alikuwa na vijiji vingi, anakuja kwa baiskeli baada ya miezi, na watoto wa kubatizwa walikuwa wanamsubiri yeye. Mtoto akaharisha siku mbili akafariki. Kasisi akafika siku ya tisa baada ya maziko. Kwa kuwa hakuwa amebatizwa, hakusomewa ibada. Alizikwa nyuma ya nyumba na baba yangu na baba mdogo, basi. Mama aliambiwa asilie sana, ni kichanga tu. Alikuwa na miaka 21.

"Huyu wako asiniondokee hivyo," akasema, akapanda basi.

Dhehebu silitaji, na naomba tusiufanye uzi huu kuwa vita ya madhehebu. Mke wangu naye ana hoja nzito. Anasema mtoto akisubiriwa, anaweza kubatizwa baadaye. Akibatizwa sasa, haifutiki. Akifika miaka 18 akataka kuzamishwa, kwetu ataambiwa anarudia ubatizo, kwao ataambiwa ule wa kwanza haukuwa ubatizo. Anasema tutakuwa tumemtwisha mtoto ugomvi wetu.

Nimekosa usingizi juu ya jambo hili. Waliopita hapa, mlifanyaje?

Fundi Nkuhungu

Hongera kwa mtoto, Mwalimu, na pole kwa mama.

Mimi nilibatizwa kichanga. Cheti mama alikitunza sandukuni, na ndicho nilichoambatisha nilipotafuta cheti cha kuzaliwa ukubwani, kwa hiyo sikidharau. Lakini nilikua bila imani yoyote, Jumapili naijua kwa kuwa duka limefungwa. Nikaokoka nikiwa na miaka 23. Wiki ya ubatizo bomba lilikuwa halitoki, tukachanga, tukanunua maji ya boza, tukajaza kisima cha saruji nyuma ya kanisa. Nilipotoka mle ndani nilijua nimefanya nini, na kwamba nimefanya mimi. Petro alisema tubuni, kisha mkabatizwe, Matendo 2:38. Sijaona namna kichanga anavyotubu.

Nikuambie na upande mwingine ili usiniite mtu wa hoja moja. Mama yangu aliumia sana. Aliniuliza, "Kwa hiyo nilichokupa mimi kilikuwa nini?" Miaka 16 imepita na bado sijampa jibu linalomtosha.

Wanangu watatu tumewaweka wakfu, kama Hana alivyomleta Samweli. Wa kwanza aliomba ubatizo mwenyewe akiwa na miaka 12. Mchungaji alimkalisha jioni tatu akimuuliza maswali, mimi nikiwa nje nasubiri na baiskeli. Siku ile nisingependa kumnyang'anya mtoto.

Na kuhusu marehemu kaka yako, Yesu aliposema waacheni watoto wadogo waje kwangu hakuuliza kwanza nani amebatizwa.

Mama Pacha, Kisasa

Mwalimu, nimesoma habari ya mama yako nikiwa kwenye daladala, nikalazimika kuzima simu kwanza.

Mimi ni Mkatoliki. Pacha wangu wana miaka sita, walibatizwa wakiwa na miezi miwili. Sheria ya Kanisa letu inawataka wazazi wahakikishe mtoto anabatizwa katika wiki za mwanzo. Lakini sheria hiyohiyo inataka pawepo tumaini lenye msingi kwamba atalelewa katika imani hiyo, na kama halipo kabisa, ubatizo unaahirishwa. Watu wengi hawaijui sehemu ya pili. Kwenye semina ya wazazi padre alituuliza, "Jumapili itakayofuata baada ya ubatizo, mtakuwa wapi?" Ukumbi mzima ukanyamaza.

Sisi tulikosea kwenye msimamizi. Baba wa ubatizo tulimchagua kwa kuwa ana uwezo. Alileta keki kubwa na mbuzi, tukapiga picha. Leo hajui watoto wako darasa la ngapi. Anayewafundisha kusali kila usiku ni dada anayenisaidia kazi, Mlutheri kutoka Iramba. Mkiamua kubatiza, tafuteni msimamizi anayeweza kufika kwenu kwa miguu.

Sisi wa zamani tulisikia habari za limbo, mahali pa vichanga waliokufa bila ubatizo. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ilitoa waraka, kwa idhini ya Papa Benedikto XVI, ikaeleza kwamba zipo sababu nzito za kutumaini kuwa watoto hao wanaokolewa. Mama yako hata kama si Mkatoliki, mwambie.

Halafu kuna jambo linanisumbua. Katika hatari ya kufa mtu yeyote anaweza kubatiza, mkunga, jirani, hata mama mwenyewe, kwa maji ya kawaida na yale maneno. Hakuna aliyemwambia mama yako?

Binti wa Bahi

Mimi ndiye yule mtoto aliyeachwa achague. Baba dhehebu moja, mama jingine, wakakubaliana wasubiri. Wakasubiri kweli. Hakuna aliyenifundisha hata Baba Yetu kwa kuogopa kumvutia kwake. Nilijifunza bweni, kwa kusikiliza wenzangu. Nimebatizwa mwaka jana nikiwa na miaka 24, na nilisimama pale mbele peke yangu kama mgeni. Mkisubiri, kaka, msikae kimya wakati mnasubiri.

Mzee wa Kongwa

Mwanangu Mwalimu, na nyote mlioandika hapa, mbukwenyi. Nimekuwa mwinjilisti miaka 31, sasa nimestaafu, nalima alizeti. Naandika kwa simu ya mjukuu, mnivumilie.

Kwanza nikuondolee hofu ya kwamba mkeo ameleta mambo mageni. Mnamo mwaka 200 Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Karthago, mji uliokuwa Tunisia ya leo, aliandika kwamba watoto wadogo wasubiri, waje wakishaweza kumjua Kristo. Miaka hamsini hivi baadaye, kulikuwa na askofu huko huko Afrika ya kaskazini aliyetaka watoto wasibatizwe kabla ya siku ya nane. Askofu Kipriano wa Karthago na wenzake 66 wakamjibu hapana, hata hizo siku nane msizingoje. Augustino, ambaye ni wa kaskazini mwa Afrika pia, mama yake alikuwa Mkristo hodari, lakini hakumbatiza utotoni. Akiwa mvulana aliugua karibu kufa, wakaanza maandalizi ya kumbatiza, akapona, wakaahirisha. Alibatizwa Milano mwaka 387, ana miaka 32. Na baadaye ni yeye aliyekuja kuutetea sana ubatizo wa vichanga. Basi msitafute kumshinda mtu hapo nyumbani. Jambo hili limewagawa waliotutangulia na wote tunawaita baba zetu.

Ukiniuliza mimi, ningembatiza. Binti wa Bahi amesema neno ambalo nimeliona kwa macho yangu vijiji vingi. Na ahadi ile Petro alisema ni kwenu na kwa watoto wenu, Matendo 2:39, mstari mmoja tu baada ya ule wa Fundi. Mjukuu wangu hakukaribishwa mezani kwetu kwa sababu ameelewa chakula. Lakini nisingembatiza huku mama yake amesimama pembeni moyo umefunga. Yeye ndiye atakayekuwa naye usiku. Maji nitakayommiminia mimi dakika moja, yeye anaweza kuyakausha kwa miaka kumi bila hata kukusudia.

Sasa jambo lililonifanya nimwombe mjukuu simu. Kitabu cha Sala cha Kiingereza cha 1662 kilielekeza kwamba ibada ya maziko isitumike kwa aliyekufa bila kubatizwa. Utaratibu wa namna hiyo ulifika mpaka kwetu huku, ukashikwa. Mimi mwenyewe nimeushika mara mbili nikiwa kijana. Niliitwa, nikafika, nikawaambia siwezi kusoma. Nyumba zote mbili nazikumbuka, na moja yake nilirudi baada ya miaka mingi kuomba msamaha, nikakuta wamehama.

Kwa hiyo mama yako, ninavyomsikia, hakuja Chamwino kwa ajili ya mjukuu peke yake. Kuna mtoto wake mwingine hajamaliza kumzika. Ukimbatiza binti yako ili kuutuliza moyo wa bibi kwa ajili ya yule wa 1974, utakuwa umempa binti mzigo usio wake, na yule wa kwanza atabaki vilevile nyuma ya nyumba. Nendeni mkamwombee. Hakuna andiko linalokuzuia kusimama kwenye kaburi la ndugu yako ukasali.

Na wewe mama wa Kisasa umesema kweli tupu, ila nakuomba, Mwalimu, lile la kwamba angeweza kumbatiza kwa mkono wake usimpelekee. Hakuambiwa na mtu. Leo atasikia kwamba kosa lilikuwa lake.

Mwalimu wa Chamwino

Mzee wetu shikamoo. Asanteni wote. Nimechelewa kurudi, yamepita majuma mawili.

Mke wangu alisoma uzi wote usiku akinyonyesha. Mimi nilijua ataanza na Tertuliano. Aliniuliza, "Huyo mtoto aliitwa nani?" Sikujua. Nilikuwa nimekaa stendi na mama na sikumuuliza.

Jumamosi iliyopita tukaenda Mvumi. Mama alikuwa chini ya mti anabangua karanga, mtoto tukamlaza kwenye mkeka pembeni yake. Mke wangu akaanza kubangua naye. Baada ya muda akamuuliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Mama, yule wa kwanza mlimwita nani?" Mama akaacha mikono ndani ya ungo. Akalitaja. Ni jina la babu yake mzaa mama, jina la Kigogo, la kanisani hakuwahi kupata. Kaka zangu hawajawahi kulisikia. Niliwapigia simu palepale.

Tembe ya zamani imebaki ukuta mmoja. Kaburi halionekani, lakini mama alitembea moja kwa moja, hatua chache kutoka ukutani kuelekea mbuyu, akasimama. Mke wangu akaomba kwa namna ya kwao, kwa sauti, akamtaja kwa jina. Nilikuwa na wasiwasi mama asione ni makelele. Alipomaliza, mama akaimba wimbo wa kanisani kwa Kigogo, ubeti wa kwanza na wa mwisho, na mimi nikasoma Marko 10 kutoka kwenye simu. Binti alilala muda wote.

Kuhusu ubatizo bado hatujafika. Usiku ule mke wangu alimwomba mama amvalishe mtoto kile kigauni siku ya kuwekwa wakfu, yeye bibi mwenyewe. Mama alisema atakuja, ila maji bado anayataka na ataendelea kuyaomba. Mke wangu akamwambia amemsikia. Hakukubali, hakukataa. Mimi nimeanza kuelekea kwa Mzee wa Kongwa, nimemwambia mke wangu hivyo waziwazi, na yeye ameniambia yuko kwa Fundi. Tumekubaliana moja tu kwa hakika, kutoka kwa Binti wa Bahi: kuanzia sasa tunasali naye kila jioni, sote wawili, na mtoto katikati.

Nina swali la mwisho, hasa kwa Mzee na Mama Pacha. Kuna yeyote aliyewahi kuona mchungaji wa upande mmoja akikaribishwa kwenye ibada ya upande wa pili kwa mtoto mmoja? Kaka yangu mkubwa anasema haiwezekani, mimi nataka nikaulize.

Pale kwenye kaburi tulizungushia mawe tuliyookota palepale. Mwezi wa nane shule zikitulia nitapeleka saruji.