Naomba ushauri: miti ya mtaa wetu imewekewa alama ya kukatwa, nianzie wapi?

Mkaaji wa Mtaa:
Ndugu wanajukwaa, salamu. Mtaani kwetu limebandikwa tangazo kwamba njia ya waenda kwa miguu itapanuliwa na mtaro mpya utachimbwa, na miti 14 mikubwa imepakwa rangi nyekundu kwenye mashina. Ofisini nilijibiwa kwa ufupi kwamba mizizi imeinua matofali, hivyo miti hiyo ni hatari. Naipenda miti hii na sitaki kuikalia kimya, ila sina utaalamu wa kujadiliana na wahandisi. Niombe nyaraka gani, na nidai nini?

Bwana Miti:
Ndugu, omba kwanza ripoti ya ukaguzi wa kila mti peke yake, kwa maana mti ulioinua matofali na mti uliooza ndani ya shina ni kesi mbili tofauti kabisa, na ofisi nyingi huzichanganya. Kisha uliza kama jiji lina daftari la miti yake. New York ilihesabu miti yake ya barabarani mwaka 2015 ikapata 666,134, na kwa kila mmoja ikaandikwa aina, unene wa shina na hali yake. Takriban theluthi moja ya kazi hiyo ilifanywa na watu wa kujitolea. Pasipo daftari kama hilo, kibali cha kukata hutolewa kwa kukadiria tu. Na wakikubali kuiacha miti yenu lakini wakataka kuikata vilele, kataeni: machipukizi yanayofuata hushika vibaya, na majeraha makubwa huingiza kuvu.

Msimamizi wa Ujenzi:
Mimi nimesimamia uchimbaji wa mitaro kwa miaka mingi, na madhara makubwa nimeyaona chini ya ardhi. Watu hudhani mizizi hushuka kama shina linavyopanda, kumbe mingi imo katika sentimita 60 za juu na huenea kupita mwavuli wa matawi. Kiwango cha Uingereza cha kulinda miti wakati wa ujenzi, BS 5837 cha mwaka 2012, kinaelekeza kupima kipenyo cha shina mita 1.5 kutoka ardhini na kukizidisha mara 12. Shina la sentimita 50 linahitaji mita 6 za ulinzi kila upande. Katapila likipita humo mti hauanguki siku hiyo, bali huanza kukauka juu baada ya miaka kadhaa, mkandarasi akiwa ameshalipwa na kuondoka. Ndiyo maana masharti yaandikwe ndani ya mkataba: uzio usimikwe kabla ya mashine kufika, karibu na mizizi wachimbe kwa mikono, na saruji isirundikwe shinani. Matofali yanaweza kupangwa upya juu zaidi, au njia ikapinda kidogo kuupisha mti.

Mtunza Kitalu:
Naongeza jambo moja ambalo huenda lisikupendeze. Mti uliooza kweli kando ya njia ya watu ukatwe, na ukiutetea huo utapoteza hoja ya mingine yote. Lakini msikubali miche kama fidia ya miti mizima yenye afya, kwa kuwa kivuli cha miongo kadhaa hakiletwi na lori. Sheffield, Uingereza, ilikata zaidi ya miti 5,000 chini ya mkataba wa ukarabati wa barabara wa mwaka 2012, na mingi ilikuwa na afya. Wakazi waliitetea kwa kusimama chini yake hadi ukataji ukasitishwa mwaka 2018.

Mkaaji wa Mtaa:
Nawashukuru sana. Leo nimepima mti mkubwa kuliko yote nikapata sentimita 62, yaani mita 7.44 za ulinzi, ilhali mchoro unaonyesha mtaro ukipita mita 2 kutoka shinani.

Msimamizi wa Ujenzi:
Basi hoja yako ya kwanza ni mtaro, matofali yatafuata. Omba kwa barua mtaro uhamishiwe upande wa pili wa barabara, au bomba lipitishwe chini ya mizizi kwa kutoboa, na barua hiyo ifike kabla mkataba haujasainiwa.