Je, ni halali kumtungia sauti mwanamke aliyetokwa damu?

Mama Kikundi:
Bwana asifiwe, wapendwa. Ninaongoza kikundi cha akina mama cha kujifunza Biblia, na mwezi uliopita nilimwomba kila mmoja aandike ukurasa mmoja kana kwamba yeye ndiye yule mwanamke wa Marko 5, aliyetokwa damu miaka 12 na kuwamalizia matabibu mali yake yote. Mama mmoja muuza mboga, ambaye kwa miaka mitatu hakuwahi kufungua kinywa kikundini, aliandika kwamba vitambaa vyake alivifua usiku na kuvianika uvunguni mwa kitanda, maana kamba ya uani ni ya wapangaji wote, na kwamba alipoligusa vazi la Yesu vidole vyake vilikuwa bado vinanukia sabuni. Tulikaa kimya muda mrefu. Baadaye mzee mmoja wa kanisa alinijia akasema kuwa tunaongeza maneno katika Maandiko, na kwamba theolojia ni kazi ya waliosomea. Ninamheshimu, na neno lake limeninyima usingizi. Je, nimevuka mpaka?

Mhubiri Mstaafu:
Dada yangu, hofu ya mzee huyo haitoki pabaya, lakini Maandiko yenyewe yanakutetea. Nabii Nathani alipotumwa kwa mfalme Daudi, aliyekuwa amemchukua mke wa Uria na kusababisha Uria auawe, hakumsomea amri. Alimsimulia kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja aliyelala kifuani pake, na mfalme akawaka hasira, akamhukumu yule tajiri kabla hajatambua kuwa amejihukumu mwenyewe. Amri Daudi alikuwa akiijua. Kilichokuwa kimekufa ndani yake ni uwezo wa kusimama mahali pa aliyedhulumiwa, na kisa ndicho kilichoufufua. Hapa kwetu Mathias Mnyampala, mshairi wa Ugogoni aliyefariki mwaka 1969, aliitunga Injili kwa utenzi, bahari ya ushairi ambayo Waislamu wa pwani walikuwa wameitumia tangu zamani kusimulia habari za Mtume wao, na kwa kazi hiyo alimtoa Yesu katika Kiswahili cha tafsiri akampa Kiswahili cha kughaniwa.

Msomaji wa Agano:
Kuhusu waliosomea, wao wenyewe wanafanya hivyohivyo. Musa Dube wa Botswana, mtaalamu wa Agano Jipya, aliisimulia upya sura hiyohiyo, mwanamke akiwa Afrika yenyewe, inayovuja damu tangu ukoloni hadi baada ya uhuru. Yeye ni mmoja wa wanatheolojia wanawake wa Kiafrika waliounganishwa na umoja ulioanzishwa Ghana mwaka 1989 chini ya uongozi wa Mercy Amba Oduyoye, ambao masimulizi ni sehemu ya njia yao ya kufanya theolojia. Tena mkumbukeni Hajiri wa Mwanzo 16: mtumwa wa Sara, Mmisri, aliyekimbia akiwa mjamzito hadi kwenye chemchemi jangwani, na ndiye wa kwanza katika Biblia nzima kumpa Mungu jina. Sisi tumezoea kukisoma kisa hicho tukiwa tumeketi hemani kwa Sara. Anayeandika kutoka kwenye ile chemchemi jangwani analazimika kuuliza maswali ambayo hemani hayaulizwi.

Mtumishi:
Ninakubali, ila niongeze tahadhari. Ubunifu huweza pia kufunga minyororo. Katika Mwanzo 9 aliyelaaniwa ni Kanaani, mjukuu wa Nuhu, na hakuna neno hata moja kuhusu rangi ya ngozi. Watetezi wa utumwa walijitungia mengine, kwamba laana hiyo ni ya watu weusi, wakayahubiri kama Neno la Mungu kwa karne nyingi. Hawakusema kwamba wametunga, na hilo ndilo kosa kubwa. Kwa hiyo mama, someni kwanza andiko kwa sauti, kisha utunzi, mkitaja wazi kipi ni kipi, na kila utunzi muuulize unamwinua nani na unamkandamiza nani.

Mama Kikundi:
Mungu awabariki. Jumapili hii nitamwalika mzee aje atusomee Marko 5 yeye mwenyewe, kisha asikilize. Yule mama wa mboga ameshaniuliza kama tunaweza kumwandikia binti Yeftha wa Waamuzi 11, aliyetolewa kwa nadhiri ya baba yake na jina lake halikuandikwa. Amekwisha kununua daftari.