Wifi yangu Mjerumani ana miaka 4 Jambiani, Kiswahili bado

Mwana wa Jambiani:
Asalaam aleikum ndugu zangu. Kaka yangu kaoa Mjerumani, na huu mwaka wa 4 tunakaa nao hapa Jambiani, Unguja. Wifi ana moyo. Alisoma miezi 3 mjini, daftari limejaa ngeli, lakini kusema ni "sijambo, asante", basi. Juzi tulikwenda dukani. Akaomba taratibu, "Nipatie mchele kilo mbili na nusu." Sawasawa kabisa! Mwenye duka akamjibu kwa Kiingereza. Wifi akanywea, na njia nzima hakusema neno. Kumbe kijana wa Kirundi, saidia fundi wetu, alikuja hajui kitu, na baada ya miezi 6 anabishana bei. Mama anasema ni umri, wifi ana 41. Ni kweli?

Mwalimu wa Vuga:
Waaleikum salaam dada. Umri upo, hasa kwenye matamshi, lakini usianze kuulaumu huo. Kirundi ni lugha ya Kibantu, ngeli huyo kijana kazaliwa nazo. Tena kwenye zege hakuna aliyemgeuzia lugha.

Miaka ya 70 kule Marekani, mtafiti wa lugha John Schumann alimfuatilia kwa miezi 10 mhamiaji wa Costa Rica aliyemwita Alberto, miaka 33. Kiingereza chake hakikusogea. Alikaa na watu wa kwao, akasikiliza nyimbo za Kihispania. Schumann akaona kilichomkwamisha ni umbali baina yake na wenyeji. Mimi nimesomesha wageni miaka mingi, na hapa kwetu umbali huo mara nyingi tunauweka sisi. Tunadhani kumjibu mgeni Kiingereza ndiyo heshima.

Kijana wa Kiwengwa:
Mimi Kiitaliano nimekiokota ufukweni, kwa sababu wateja wangu Kiingereza hawakijui. Ikanibidi. Lakini hadi leo vitenzi navibananga, na hakuna anayenisahihisha maana wananifahamu. Wifi asiliache daftari lake.

Mwalimu wa Vuga:
Umesema kweli. Mwaka 1983 mtafiti mwengine, Richard Schmidt, aliandika habari za Wes, msanii wa Kijapani aliyehamia Hawaii. Marafiki tele, mazungumzo yanakwenda, sarufi ikabaki pale pale.

Mwana wa Jambiani:
Ahsanteni sana. Jana maji yalipokupwa nilimchukua wifi kwenye mwani. Wale bibi Kiingereza hawana. Wakampa taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, afunge, wanamwambia, "Kaza, mwanangu, siyo hivyo, kaza." Kamba ikamkatikia, akasema, "Kamba kimekatika." Bibi mmoja akamwambia "imekatika", mikono yake iko kwenye mwani vile vile, wala hakucheka. Wifi akairudia mara tatu peke yake, maji yako magotini.

Jioni hii nakwenda kuzungumza na mwenye duka.