Mnaonyoa nyasi kipara Dodoma kiangazi "ziwe kama za gofu", mnaua viwanja!

Wakuu, inatia hasira. Kila kiangazi ni yale yale: mtu anakabidhiwa bustani ya hoteli, ya ofisi au uwanja wa mpira, anashusha mashine mpaka mwisho, anaunyoa ukoka vinabaki vijiti vya kahawia. Ukiuliza, unajibiwa "bosi anataka kama za gofu".

Gofu ipi? Milimita 3 hadi 5 ni za grini tu, kile kipande chenye shimo. Pale kuna ukoka mfupi uliozalishwa kwa kazi hiyo, ardhi iliyosawazishwa kwa mchanga, maji ya uhakika, na mashine ya silinda inayokata kama mkasi karibu kila siku. Hata feawei, ile njia ndefu ya kuchezea kuelekea grini, huachwa milimita 10 hadi 15, na pembeni zaidi ya hapo. Wewe una ukoka wa kawaida, mabonde, na mashine ya panga la kuzunguka. Unaiga nini?

Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkupuo. Ukitaka milimita 4, lazima ukate zikifika 6. Utaweza? Ukitaka 40, kata zikifika 60. Kwa hapa Dodoma, tangu Mei mpaka mvua za Desemba, msishuke chini ya 40. Jani ndilo linalotengeneza chakula. Likifyekwa lote, mmea unakula akiba yake na mizizi inaacha kukua. Mizizi mifupi kwenye udongo unaokaushwa na upepo huu, hata ulete boza kila siku ni kazi bure. Panapobaki wazi, mbigili inajaa.

Na zile namba za kupangia urefu kwenye mashine si milimita! Iweke kwenye sakafu ya saruji, chomoa waya wa plagi ya injini, pima kwa rula toka sakafuni hadi makali ya panga. Ncha za nyasi zikigeuka nyeupe na kuchanika kesho yake, panga ni butu, linararua. Linoe, kisha litundike kwenye msumari kwa tundu la katikati. Upande unaozama, upunguze. Lisipolingana uzito, mtetemo unaharibu krenki, mhimili wa injini unaozungusha panga.

Mlioshanyoa, pandisheni mashine leo. Mwagilieni maji yazame, si kunyunyizia juu juu kila jioni, na mbolea ya Urea msiiguse mpaka kijani kirudi.

Wasimamizi wa tenda nanyi mjibu: mkataba unataja urefu kwa milimita, au mmeandika tu "nyasi zikatwe"?