Naomba ushauri: boma la madarasa limekwama, na mtaa umeweka mchango wa lazima

Mjumbe wa Kamati

Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni mama wa watoto wawili wanaosoma shule ya msingi ya serikali katika manispaa mojawapo ya Dar es Salaam, na mwaka huu wazazi wenzangu wamenichagua kuwa mjumbe wa kamati ya shule. Naomba ushauri kwa wanaofahamu taratibu za halmashauri, kwa sababu jambo lililo mbele yetu limeanza kuugawa mtaa.

Shule ina wanafunzi wapatao 1,800, na wapo watoto wa darasa la pili wanaokaa zaidi ya mia moja katika chumba kimoja. Miaka kadhaa iliyopita wazazi walichanga kwa hiari yao, wakanunua tofali na saruji, wakasimamisha boma la vyumba viwili hadi usawa wa lenta (mkanda wa zege juu ya madirisha na milango), kwa ahadi kwamba manispaa ingeezeka na kumalizia. Ahadi hiyo imerudiwa na kila kiongozi aliyefika shuleni tangu wakati huo, na boma limeota majani ndani.

Sasa uongozi wa mtaa, ukiungwa mkono na diwani, umetangaza kwamba kila kaya itoe shilingi 20,000 za kumalizia boma, na kwamba asiyetoa hatapewa barua ya utambulisho anapoihitaji kwa ajili ya benki, kitambulisho au dhamana. Mkutano mkuu wa mtaa haukuitishwa. Tangazo lilipita nyumba kwa nyumba, na fedha zinaandikwa kwenye daftari la kawaida bila stakabadhi. Nilipouliza katika kikao cha kamati, nilijibiwa kwamba nimetumwa na chama fulani, ilhali sijawahi kushika kadi ya chama chochote.

Ninataka kujua kama mtaa una mamlaka ya kutoza mchango wa namna hii, na kama fedha za elimu bila malipo haziwezi kumaliza vyumba hivi. Zaidi ya hayo, ningependa kujua nianzie wapi bila kumponza mwalimu mkuu, ambaye ni mtu mwadilifu na anabanwa kutoka juu na kutoka chini.

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, pole na hongera kwa kukubali kazi ambayo wazazi wengi huikwepa. Nitajibu lile la fedha za elimu bila malipo, kwa kuwa nimeziona tangu zilipoanza kuingia Januari 2016.

Fedha ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo zinazoingia kwenye akaunti ya shule. Kwa wanafunzi 1,800 mnapata shilingi milioni 10.8 kwa mwaka, yaani 900,000 kwa mwezi, na humo mnatakiwa kutoa chaki, karatasi za mitihani, michezo, shughuli za ofisi na ukarabati mdogo wa majengo ambayo tayari yapo. Kiwango hicho cha 10,000 ni cha tangu enzi za MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002, na kila anayenunua rimu ya karatasi anajua bei imefika wapi tangu wakati huo. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mwalimu mkuu amekalia fedha za kumalizia madarasa, mwoneshe hesabu hii kabla maneno hayajaenea. Kumbuka pia kwamba serikali ilipojenga madarasa kwa fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19 mwaka 2021, chumba kimoja kilitengewa shilingi milioni 20.

Hata hivyo, mwombe mwalimu mkuu abandike mapato na matumizi ya kila mwezi kwenye ubao wa matangazo, mahali ambapo mzazi anaweza kusimama na kusoma. Hilo litamlinda yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Asiruhusu kabisa mwalimu wake kukusanya mchango wala kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango, kwa maana tangu Rais Magufuli alipolikemea jambo hilo hadharani Januari 2018, walimu ndio wanaoadhibiwa kwanza, hata pale ambapo uamuzi ulitolewa na wengine.

Diwani wa Zamani

Dada, nimekaa kwenye baraza la madiwani na nitasema ninayoyajua.

Mtaa si kijiji. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo na kutoza michango kwa mujibu wake, ikifuata masharti yaliyowekwa. Mtaa ulio ndani ya manispaa hauna mamlaka hayo. Sheria ndogo mjini hutungwa na halmashauri yenyewe na kuidhinishwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Wakazi wa mtaa wanaweza kukubaliana katika mkutano mkuu kuchangia kwa hiari, lakini makubaliano hayo hayaufanyi mchango kuwa kodi, na hayampi mtu yeyote ruhusa ya kumnyima mkazi barua ya utambulisho, ambayo ni huduma ya serikali na inatolewa kwa kuwa mtu ni mkazi.

Suala la sheria ndilo jepesi. Zito ni hili la boma kukaa miaka yote hiyo likisubiri ahadi. Manispaa hutumia fedha kwa kasma, yaani mafungu, zilizomo kwenye bajeti, na mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Mradi wako unatakiwa kuibuliwa mtaani, uingie kwenye kikao cha kamati ya maendeleo ya kata, ambacho mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata, kisha upande kwa wataalamu wa manispaa, upite kwenye kamati za kudumu na hatimaye kwenye baraza. Mazungumzo hayo huanza miezi mingi kabla ya Julai, na mradi uliochelewa hapo unakuwa umeukosa mwaka mzima. Nilikuwa nikiona viongozi wakitoa ahadi jukwaani mwezi wa tano, wakati bajeti imeshapitishwa na shule husika haimo hata kwa mstari mmoja. Wananchi walikuwa wakipiga makofi, na mimi nikiwa nimekaa pale mbele nikijua kwamba hakuna kitakachofanyika mwaka huo.

Kwa hiyo nenda kwa mtendaji wa kata ukaulize swali moja tu: boma hili limo kwenye mpango wa kata, na kama limo, muhtasari wa kikao gani ulilipitisha? Jibu lake ndilo litakalokuonesha pa kusukuma. Uliza pia kuhusu fedha za ukamilishaji wa maboma kutoka Serikali Kuu, ambazo kwa muda sasa zimekuwa zikitengwa kwa kiwango cha shilingi milioni 12.5 kwa boma la darasa, na kuhusu Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao mara nyingi husaidia bati na saruji palipo na nguvu za wananchi tayari. Kamati ya mfuko huo huongozwa na mbunge.

Mzazi wa Ubungo

Nina mtazamo tofauti kidogo na waliotangulia, na naomba nisieleweke vibaya. Utaratibu aliouelezea mheshimiwa ni sahihi, lakini mtoto aliye darasa la pili leo atakuwa sekondari kabla makaratasi hayo hayajazunguka. Katika shule yetu tulichanga, tukamaliza chumba kimoja, na watoto wakaingia. Ninaogopa kwamba mtaa ukishaambiwa mchango si wa lazima, hata wale waliokuwa tayari kutoa watarudisha fedha mifukoni, na boma litabaki vilevile huku sisi tukijivunia kwamba tumeshinda hoja.

Ushauri wangu ni kwamba usipinge mchango, pinga daftari. Fedha ziingie kwenye akaunti ya shule kwa namba ya malipo ya serikali, ichaguliwe kamati ya ujenzi yenye wazazi wasio viongozi, na kila anayetoa apate stakabadhi. Mzee anayeishi kwa kuuza maji ya kandoro, yale ya kwenye vifuko, asilinganishwe na mwenye nyumba za kupangisha. Kaya nyingi za mtaa wetu zilitoa siku za kazi badala ya fedha, na hakuna aliyedharauliwa.

Fundi Mwashi

Kabla hamjabishana kuhusu fedha, naomba nitie neno la kitaalamu. Boma lililokaa misimu kadhaa ya mvua bila paa si lile mlilojenga. Tofali za juu hulowa na kukauka hadi zinachoka, na kama lenta haikufungwa vizuri au nondo zimeachwa wazi, kutu huingia. Pia kuna maboma ambayo manispaa hukataa kuyaezeka kwa sababu yalijengwa bila kufuata ramani ya darasa, ama chumba ni chembamba, ama msingi haukukaguliwa. Andikeni barua kwa mkurugenzi mkiomba mhandisi aje akague na kuandaa makadirio ya ukamilishaji. Bila makadirio hayo hakuna anayeweza kusema kama shilingi 20,000 kwa kaya ni nyingi au ni kidogo, wala hakuna afisa atakayeweza kuiweka kazi hiyo kwenye bajeti.

Mjumbe wa Kamati

Nawashukuru sana. Nimekwenda kwa mtendaji wa kata. Alinipokea vizuri, lakini hakupata muhtasari wowote unaolitaja boma letu, na hilo limeniumiza kuliko nilivyotarajia, kwa sababu ina maana wazazi wamesubiri miaka yote hii kitu ambacho hakikuwahi kuombwa rasmi. Mwenyekiti wa kamati ya shule amekubali kwamba tuandike barua ya kuomba mhandisi.

Nimebaki na mambo mawili. Fedha zilizokwisha kukusanywa tutazipataje hesabu yake, maana kuna jirani anasema niende TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, moja kwa moja? Na hili la kuambiwa nimetumwa na chama nilishughulikie vipi, kwa kuwa limeanza kunifuata hadi kwenye kikundi chetu cha vikoba?

Diwani wa Zamani

Kuhusu chama, usijitetee peke yako. Mwenyekiti wa mtaa aliyechaguliwa Novemba 2024 bado ana miaka mbele yake, na diwani vilevile, kwa hiyo mtaishi nao. Kila jambo liandikwe kwa jina la kamati ya shule, lisainiwe na mwenyekiti wa kamati, na nakala ipelekwe kwa diwani kabla hajaisikia kwa wengine. Mnapomwandikia, msimlaumu kwa yaliyopita. Mwombeni yeye ndiye aliwasilishe boma hilo kwenye kikao cha kata. Diwani anayepewa nafasi ya kuonekana amelipigania darasa hana sababu ya kumwita mama wa mtoto mpinzani. Pia vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi, nanyi mnaweza kwenda wazazi wachache, mkakaa kimya na kusikiliza. Niliona mara nyingi jinsi mjumbe anavyosema kwa uangalifu zaidi anapowaona watu wa kata yake wamekaa nyuma.

Wakili wa Jirani

Nitajibu la hesabu. Ombeni kwa maandishi kwamba mkutano mkuu wa mtaa uitishwe, wenye ajenda ya mchango wa boma, na wakazi wengi kadiri inavyowezekana wasaini ombi hilo. Hapo mnaweza kudai orodha ya waliotoa, kiasi kilichopo na mahali kilipo. Mkikataliwa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuiomba ofisi ya umma taarifa kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30. Iandikieni ofisi ya mkurugenzi na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. TAKUKURU ni mlango halali, wala hamhitaji ruhusa ya mtu kuuendea, hasa mkiona fedha zimepotea. Na yeyote aliyenyimwa barua ya utambulisho kwa sababu ya mchango aandike tarehe na jina la ofisi, kisha alalamike kwa mtendaji wa kata kwa maandishi.

Mwalimu Mstaafu

Niongeze jambo moja. Katibu wa kamati ya shule ni mwalimu mkuu, kwa hiyo barua hizi zitapita mezani kwake. Zile zinazohusu jengo, yaani ya mhandisi na ya bajeti, ziandikwe na kamati pamoja naye, maana huo ndio wajibu wake. Ile ya kudai hesabu ya mtaa iandikwe na wakazi kwa majina yao, jina la shule lisiwemo kabisa. Mkizichanganya, atahamishwa yeye na daftari litabaki pale pale.

Mjumbe wa Kamati

Mwalimu, nimekuelewa, na ninashukuru kwa kulitaja hilo, kwa sababu rasimu yetu ilikuwa imeyaweka yote katika barua moja. Tutazitenganisha. Kuhusu TAKUKURU, nimezungumza na wazazi wenzangu na tumeona kwamba waliokusanya fedha wapewe kwanza nafasi ya kusimama mbele ya mkutano na kusoma daftari lao, kwa kuwa baadhi yao ni majirani waliobeba tofali za boma hilohilo. Wakishindwa, au mkutano ukizuiwa, tutakwenda. Ndugu Fundi, tunaomba utuambie ni vipimo gani vya boma tuviweke kwenye barua ya mhandisi, ili asiwe na sababu ya kuturudisha.

Fundi Mwashi

Pimeni urefu na upana wa ndani wa kila chumba, unene wa ukuta, kimo kutoka sakafuni hadi juu ya lenta, na idadi ya madirisha na milango. Pigeni picha za kila nyufa mkiweka rula pembeni, na picha za nondo zilizochomoza. Mkizituma hapa hapa nitazipitia kabla hamjapeleka.