Mlima wa Samanar, Madurai: nipande na mama au nimwache chini?

Mwana_Kyela: Wakuu heshima kwenu. Niko Madurai huku India kusini, nimemleta mama matibabu ya macho, jicho moja limeshafanyiwa operesheni tunarudi kwa dokta Jumatatu kwahiyo Jumapili tuko tu, sasa dereva wa bajaji anatupigia debe twende mlima Samanar eti kuna masanamu ya Wajaini, wale wa dini ya kale ya India, yamechongwa kwenye mwamba miaka elfu na kitu. Mama ana 67, magoti yanalia, ila kubaki chumbani peke yake hataki kusikia. Kuna aliyefika?

Kibogoyo1: Jicho lina bandeji unampandisha mlima akaone nini mkuu 😂

Bodaboda_PhD: Nimesoma hapo, nimepanda mara mbili. Sio mbali, kilomita kumi na ushee, kijiji kinaitwa Keelakuyilkudi. Chini kuna bwawa la mayungiyungi na mti mkubwa ule wa mizizi kuning'inia, kivuli cha kufa mtu, mama akae hapo. Wewe panda ngazi, zimechongwa kwenye jiwe lenyewe, mpaka sehemu inaitwa Pechipallam, utakuta watakatifu wa Wajaini wamejipanga ukutani: Mahavira kakaa, Parshvanatha nyoka kamfunika kichwa kama mwavuli, Bahubali kasimama kutafakari mpaka mimea inayotambaa ikamzonga miguu. Na kuna maandishi ya Vatteluttu, hati ya kale ya Kitamil, ya karne ya 9 na 10, majina ya waliogharamia uchongaji. Nenda alfajiri, saa nne jiwe linaunguza.

Mwana_Kyela: Dereva anataja na pango

Bodaboda_PhD: Settipodavu, mlima huohuo upande mwingine. Usiache! Ndani juu kuna mwanamke kapanda simba na upinde mkononi anapambana na jamaa aliye juu ya tembo. Hiyo ndo niliipenda kuliko zote.

Nesi_Mstaafu: Mama avae miwani myeusi, vumbi na jasho visiingie kwenye jicho, asiiname wala kubeba kitu. Kupanda hapana.

Wa_Langoni: Huyo Parshvanatha hata Mombasa yupo, lile hekalu jeupe la Wajaini Langoni. Ila ukienda mkanda wa ngozi acha nje.

Mwana_Kyela: Mrejesho wakuu. Mama kabaki chini, nashuka namkuta na muuza maua wanacheka, lugha hawaelewani hata neno. Nikamwonyesha picha ya mwenye nyoka, kaisogeza karibu na jicho zima akauliza, "Sasa huyu nyoka anamng'ata au anamkinga?" Nikasema anamkinga. Akasema haya, twende tukale.