Mti wa maua unaovumilia sakitu na kupendwa na nyuki: je, mti wa brashi utafaa Njombe?

Mfugaji Mpya

Habari zenu ndugu zangu. Ninaishi nje kidogo ya mji wa Njombe, kwenye shamba linaloteremka kutoka barabarani hadi kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni penye unyevu, na nina mizinga minne niliyoitundika nyuma ya milingoti. Kwa miaka miwili mfululizo nimepanda mijakaranda upande wa chini wa nyumba, na mara zote mbili miche ilikufa mwezi wa Julai, baada ya usiku mmoja tu wa sakitu, majani yakawa meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto.

Hivi karibuni nilipita Mufindi nikauona, katika uwanja wa kanisa, mti mfupi wenye maua mekundu yaliyo kama brashi ya kusafishia chupa, na mvumo wa nyuki niliusikia kabla sijaukaribia. Wenyeji waliniambia wanauita mti wa brashi. Ningependa kujua kama utahimili baridi ya huku kwetu, na kama ni afadhali kuanza na mbegu au vipandikizi. Mke wangu naye anauliza kama ni busara kuupanda karibu na lango ambako watoto hupita kwenda shule.

Kitalu cha Lushoto

Ndugu Mfugaji, mti uliouona asili yake ni mashariki mwa Australia, na kwa kitaalamu umejulikana muda mrefu kwa jina la Callistemon, ingawa baadhi ya wataalamu wa mimea sasa wanauweka katika jenasi ya Melaleuca. Yapo makundi mawili yanayopatikana kwa urahisi vitaluni. Callistemon citrinus una matawi yaliyosimama na majani ambayo ukiyafikicha hunukia kama ndimu, na mara nyingi hubaki kichaka kikubwa au mti mdogo. Callistemon viminalis una matawi yanayoning'inia na hurefuka zaidi. Kwa mahali penye sakitu mimi ningechagua wa kwanza, kwa sababu miche ya huo unaoning'inia huumizwa na baridi kwa wepesi zaidi ikiwa bado michanga.

Hata hivyo, naomba tuzungumze kwanza kuhusu mahali, kwa sababu nadhani kilichoua mijakaranda yako si aina ya mti peke yake. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto haraka, na hewa iliyopoa huwa nzito, hivyo huteremka polepole kufuata mteremko hadi kukusanyika bondeni, jinsi maji yanavyofanya. Ukipanda karibu na vinyungu unaupanda mche ndani ya bwawa la baridi. Panda upande wa juu, karibu na barabara, na katika miaka miwili ya kwanza usimike vijiti vinne kuuzunguka mche na kuutandikia nyasi juu yake kila jioni ya miezi ya Juni hadi Agosti, ukiziondoa asubuhi. Endapo ncha zitaungua, usizikate mpaka baridi iishe, kwa kuwa sehemu iliyoungua huikinga ile iliyo chini yake.

Kuhusu mbegu: utaona kwenye matawi ya zamani vifuko vidogo vigumu kama shanga, vilivyobana tawi pande zote. Vifuko hivyo hukaa vimefungwa kwa miaka, na hufunguka tawi likifa au likikatwa. Kata kijitawi chenye vifuko vya mwaka uliopita au wa kabla yake, ukitie katika mfuko wa karatasi, ukiweke mahali pakavu penye joto, na baada ya siku kadhaa utakuta mbegu zimedondoka, laini kama ugoro. Usizifukie. Zinyunyize juu ya udongo mlaini uliochanganywa na mchanga, kisha uweke chombo ndani ya beseni lenye maji kidogo ili udongo unyonye kutoka chini, maana ukimwagilia kwa juu utazikusanya zote pembeni. Mimi mwenyewe nilipoteza trei nzima kwa kosa hilo.

Mbegu hazitoi watoto wanaofanana na mama kwa rangi wala kimo, na mti wa mbegu huchelewa kutoa maua kwa miaka kadhaa. Ukimpata mwenye mti uliokupendeza, mwombe vipandikizi vya urefu wa sentimita 10 hadi 15 kutoka katika matawi ambayo hayajawa magumu kabisa, uondoe majani ya chini, na uvitunze kivulini.

Mzee wa Mizinga

Kijana wangu, hayo ya upandaji yameelezwa vizuri, nami nitasema upande wa nyuki. Wekundu unaouona si petali, bali ni stameni, yaani zile nyuzi zinazobeba chavua, na nyuki haoni rangi nyekundu kama tunavyoiona sisi. Kwao Australia maua hayo hutembelewa sana na ndege wanaokula mbochi, yaani maji matamu ya maua, na hata hapa utawaona chozi wakiwahi alfajiri. Nyuki huja kwa sababu mbochi ni mwingi na uko wazi, hauhitaji ulimi mrefu kuufikia, na chavua ipo papo hapo.

Lakini usitarajie mti mmoja ujaze mizinga minne. Nyuki wako wanazunguka kilomita mbili au tatu kutoka mzingani, na asali yako itatokana zaidi na milingoti, na maua ya maparachichi ya majirani, na magugu ya shambani. Kazi ya mti wa brashi ni kuwapa chakula kidogo wakati vingine vimekwisha, maana nyuki wetu wa Afrika hawana subira: wakikosa chakula huhama mzinga na kukuachia masega matupu. Kwa hiyo panda walau safu, si mmoja, ukiacha mita tatu au nne kati ya mti na mti. Misindano usiihesabu kabisa, kwa sababu huchavushwa na upepo na haina mbochi. Na zungumza na jirani mwenye maparachichi ili apulizie dawa jioni, nyuki wakiwa wamesharudi.

Mama Miche

Naongeza tahadhari moja kwa sababu watu wengi wanaotafuta mti wa maua mekundu hushauriwa kupanda kifabakazi. Ni mti mzuri sana na ni wa Afrika, lakini nyuki wadogo wasiouma wamekutwa wamekufa ndani ya maua yake, jambo lililoandikwa na watafiti nchini Brazili, na huko Queensland umeorodheshwa kuwa mmea vamizi. Kwa mfugaji wa nyuki mimi singeupendekeza, na isitoshe hauipendi sakitu.

Kama unataka mti wa asili wa kuchanganya na wa brashi, tafuta Dombeya rotundifolia. Huchanua maua meupe mwishoni mwa kiangazi, kabla ya majani kutoka, na huhimili moto na baridi. Nyuki huupenda mno.

Mfugaji Mpya

Nawashukuru sana, shikamoo Mzee. Sikuwahi kufikiria habari ya baridi kuteremka. Sasa naelewa kwa nini mahindi ya jirani wa juu husalimika wakati yangu ya chini yameungua. Nitapanda safu ya miti sita upande wa barabara. Imebaki ile hoja ya lango.

Mzee wa Mizinga

Marahaba. Nyuki aliye kwenye ua yuko kazini, hana cha kulinda, na haumi mpaka abanwe au akanyagwe. Anayelinda ni yule wa mzingani, kwa hiyo mizinga ndiyo iwe mbali na njia ya watoto. Hata hivyo ningeanza safu mita tano au sita kutoka langoni, kwa kuwa maua yakidondoka huwa na nyuki ndani yake, na watoto wengine hutembea peku. Na kila maua yakishanyauka, kata ncha mara moja nyuma ya ua lililokauka. Ukichelewa miezi michache, utakuwa umekata machipukizi yatakayobeba maua yanayofuata.

Kitalu cha Lushoto

Acha vijitawi vichache bila kukata, ndugu, ili upate vifuko vya mbegu vya kuwagawia majirani.